Chupa ya Botox Huonekana Tupu

Anayekuja kliniki kuulizia Botox, sindano ya kunyoosha makunyanzi, karibu kila mara huanza hivi: "Daktari, si nasikia ni sumu?" Ni sumu kweli. Hutengenezwa na bakteria wa botulizimu, wale wale wanaoweza kumuua mtu kwa chakula cha kopo kilichoharibika. Ila kinachodungwa ni kidogo mno: makunyanzi ya katikati ya nyusi hupata yuniti 20 za Botox, zikigawanywa sehemu tano. Dawa huzuia neva isiuamrishe msuli ukaze. Msuli ukitulia, ngozi iliyo juu yake hunyooka. Miezi mitatu au minne baadaye, neva hurudi kazini.

Wala si dawa ngeni. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa tatizo la makengeza na kope zinazojikaza zenyewe. Makunyanzi yalifuata 2002.

Madhara ninayoyaona zaidi ni alama ya damu kuvilia na kichwa kuuma siku moja mbili. Linalotisha watu ni kope kulegea: dawa ikipenya hadi kwenye msuli unaoinua kope, jicho hubaki nusu limefumba kwa wiki kadhaa. Hurudi. Lakini jaribu kumweleza hivyo bibi harusi! Mara chache sana dawa husambaa mbali. Ukianza kushindwa kumeza, kuongea au kupumua, hata kama zimepita wiki, kimbilia hospitali. Mjamzito namwambia asubiri, na mwenye maiasthenia, ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu, simdungi.

Hofu yangu kubwa iko kwenye chupa. Chupa halisi ukiishika utadhani umepunjwa: ndani hamna kitu ila utando mweupe uliokauka kwenye kitako. Hewa imenyonywa, kwa hiyo nikitoboa kizibo kwa sindano, maji ya chumvi ya kuyeyushia dawa huvutwa yenyewe. Yasipovutwa, naitupa. Sasa huyu anayekuja nyumbani kwako na bomba la sindano lililojazwa tayari, umejuaje kilichomo? Mapema mwaka 2024 huko Marekani, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kupata madhara baada ya kudungwa dawa bandia, au na wasio na leseni, au majumbani na kwenye spa. Kumi na mmoja walilazwa.

Juzi dada mmoja aliniomba nifungue chupa mbele yake, kisha akatoa simu apige picha lebo. Nikamsogezea taa.