Inchi za kiti ni za makalio yako, si za mgongo wa farasi

Swali limekuja tena, na safari hii muulizaji alikuwa ameshalipa: farasi wake ana mgongo mfupi, kwa hiyo amechukua tandiko la inchi 16.5 badala ya 17.5, na kwa kuwa farasi ni mpana, amechukua lililoandikwa "pana zaidi". Mbona linahamahama? Linahamahama kwa sababu kati ya namba hizo mbili hakuna hata moja iliyopimwa juu ya mgongo wa farasi huyo.

Nianze na inchi, maana ndizo zinazoniudhi zaidi. Kwenye tandiko la Kiingereza, kiti hupimwa kutoka kwenye msumari wa kitufe ulio ubavuni mwa kichwa cha tandiko hadi katikati ya ukingo wa nyuma. Tandiko la Kimarekani lenye pembe hupimwa kwa namna yake, ndiyo maana mtu anayekalia 17 kwenye la kwanza huwa anakalia takriban 15 kwenye la pili. Vipimo vyote viwili viko juu, anakokaa mtu. Farasi anakutana na mito ya chini, ile miwili iliyojazwa inayolala pande mbili za uti wake, na urefu wa mito huandikwa kwa nadra.

Piga hesabu. Kushuka kutoka 17.5 hadi 17 ni nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Hata kama fundi amefupisha mito kwa kiasi hicho hicho, ulichookoa hakizidi upana wa kidole. Sasa chukua matandiko mawili ya 17.5 uyalaze kifudifudi mezani. La kwanza lina mito iliyonyooka hadi mwisho, nyuma imenenepeshwa na kukatwa mraba. La pili mito yake inainuka kwenda juu kabla ya kufika ukingoni. Hilo la pili linaweza kuugusa mgongo kwa sentimita kadhaa pungufu, na kiti ni kile kile. Ufupi utafute hapo.

Ukishindana na mwili wako ukajibana kwenye kiti kidogo, paja linakosa pa kwenda, goti linagonga bloku (kizuizi cha goti kilicho mbele ya paja), na makalio yanasukumwa nyuma hadi ukingoni. Uzito ambao ungetawanyika katikati unaishia kwenye sehemu ya mwisho ya mito, karibu kabisa na kiuno cha farasi ambacho ndicho ulitaka kukikwepa. Mwenye paja refu atafute mbawa, zile ngozi za pembeni zinazoshuka chini ya paja, zilizokatwa kuelekea mbele, bloku ndogo na kiti kisicho na shimo la kina. Hivyo atapata nafasi bila kumwongezea farasi urefu.

Urefu unaokuhusu unaanzia nyuma ya kombe la bega na kuishia kwenye pingili ya 18 ya mgongo, ile inayobeba ubavu wa mwisho. (Baadhi ya farasi wa Kiarabu wana 17 tu, kwa hiyo hesabu kwa mkono, si kwa kitabu.) Mguu wa mbele unaponyooshwa, sehemu ya juu ya kombe hurudi nyuma, acha vidole viwili au vitatu nyuma yake, weka alama ya kwanza. Kisha papasa ubavu wa mwisho kutoka upande wa tumbo, ufuate unavyopanda. Wengi hukosea hapa: ubavu hauendi wima, unapinda kuelekea mbele kadiri unavyopanda. Karibu na mgongo utapotea chini ya msuli. Endeleza mkunjo wake kwa jicho hadi kwenye uti, weka alama ya chaki. Ukipandisha mkono wima kutoka mahali ulipoushika kwa mara ya kwanza, utakuwa umejizawadia sentimita nyingi ambazo farasi hana. Kwa farasi mnene zoezi hili lina makosa hata kwa mkono uliozoea, kwa hiyo rudia mara tatu, na alama zikitofautiana chukua ya mbele zaidi.

Pima umbali kati ya alama hizo mbili, halafu pima mito ya tandiko pale inapogusa kweli, si hadi mwisho wa ngozi. Mito ikipita alama kidogo huku ikiwa imeinuka hewani, sina ugomvi nayo. Ikipita huku imebeba uzito, hilo si tandiko lake. Kwenye tandiko la Kimarekani angalia kwanza ubao wa fremu, ule mfupa mgumu ulio ndani ya tandiko, kisha ngozi inayoshuka pembeni: ngozi ya mviringo inafaa mgongo mfupi, ya mraba hufika hadi kwenye nyonga na kuchubua hata kama ubao wenyewe ni mfupi wa kutosha.

Haya, upana. Hakuna kipimo cha pamoja duniani. Fundi mmoja hupima sentimita kati ya ncha za miguu ya fremu, ile inayoshuka pande mbili mbele, mwingine hupima pembe, mwingine huandika "wastani" na "pana" kwa imani yake mwenyewe. Hata sentimita zenyewe zinadanganya. Fremu mbili zenye 34 kati ya ncha na ncha, moja ina miguu mifupi na nyingine mirefu: yenye miguu mifupi imefunguka zaidi. Namba ni ile ile, lakini farasi wanaozihitaji ni wawili tofauti.

Halafu kuna umbo la sehemu ya juu, na hili ndilo linalomwangusha karibu kila mwenye farasi wa aina ya Haflinger na wenzake wenye mgongo kama meza. Fremu nyingi zimechongwa kama V iliyopinduliwa. Farasi mwenye kinundu cha mabega (mwinuko wa uti juu ya mabega) kilichochongoka anaivaa vizuri. Farasi mpana, aliyejaa hadi juu kabisa pande zote mbili za uti, haivai. V inabana juu, karibu na uti, huku miguu ikining'inia bila kugusa vizuri. Mwenye farasi anaona tandiko limekaa juujuu, anahitimisha kuwa ni jembamba, ananunua V pana zaidi. Miguu inafunguka zaidi, juu kunabaki kubana vile vile, na tandiko linabingirika kama bakuli juu ya tikiti maji. Anachohitaji ni fremu yenye tao la U, pana tangu juu, na reli (sehemu za fremu zinazokwenda mbele hadi nyuma pande mbili za uti) zilizolala, si zilizosimama. Tao la U la ukubwa wa wastani linaweza kumkaa vizuri kuliko V yenye namba kubwa kuliko zote dukani.

Ndiyo maana sifurahii ahadi za matandiko yenye bamba la kubadilisha, lile linalowekwa mbele ya fremu kubadili upana. Bamba hubadili pembe ya miguu ya mbele. Halibadili upana wa tao juu, halibadili mlalo wa reli, halibadili mito. Ukiweka bamba pana kuliko lote kwenye tandiko lililotengenezwa kwa ajili ya farasi mwembamba, umepata mbele pana na nyuma nyembamba kwenye mgongo mmoja.

Chora mgongo kwa rula ya kupinda: mchoro mmoja nyuma tu ya kombe la bega, wa pili katikati ya mgongo, wa tatu penye alama ya ubavu wa mwisho, na mmoja wa kwenda urefu, pembeni mwa uti. Farasi asimame sawa kwa miguu yote minne, kichwa kikiwa kimya, la sivyo umechora farasi mwingine. Hamishia kwenye kadibodi, kata, ingiza chini ya tandiko. Mchoro wa urefu watu huuruka, na farasi hawa mara nyingi wana mgongo ulionyooka. Fremu iliyopinda sana itabembea mbele na nyuma. Bonyeza kichwa cha tandiko, kisha ukingo wa nyuma. Nyuma ikiruka unapobonyeza mbele, acha, usidanganywe na harufu ya ngozi mpya.

Kagua bila pedi kwanza. Weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake, lisukume nyuma hadi lisimame lenyewe. Mfereji wa katikati uwe na nafasi ya vidole vitatu au vinne tangu mbele hadi nyuma, si mbele tu. Pitisha kiganja chini ya mito toka mbele hadi nyuma: mgandamizo uwe sawa, ukikuta mbele na nyuma kumebana na katikati pako wazi, tandiko limefanya daraja. Kisha mtu avute mguu wa mbele wa farasi huku kiganja chako kikiwa nyuma ya bega. Kiganja kikifinywa hadi kikuume, bega nalo linafinywa hivyo hivyo. Rudia yote mpandaji akiwa juu.

Sheria ya vidole vitatu juu ya kinundu cha mabega, ambayo kila mtu ameikariri, kwa farasi huyu mpana haina maana kubwa. Kinundu chake hakijainuka kiasi cha kugongwa. Tandiko linaweza kuacha vidole vinne hapo kwa sababu tu ni jembamba na limekwama juu. Angalia pembeni mwa kinundu, si juu yake peke yake.

Alama za jasho nazo naziangalia, lakini siziamini peke yake. Sehemu kavu katikati ya jasho inaweza kuwa mgandamizo mkali uliozuia jasho, au mahali ambapo tandiko halikugusa kabisa. Zikiwa kavu pande mbili sawasawa hazikuambii ni kipi. Bonyeza kwa kidole: farasi akishusha mgongo au akitikisa ngozi kila unapogusa hapo, jibu umepata. Nywele nyeupe zinakuambia yaliyopita. Na watu wawili wazoefu wakitazama mgongo mmoja wanaweza wasikubaliane. Kazi hii ina mkono mwingi kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri.

Pedi nene haipanui tandiko linalobana, inazidi kulibana. Na juu ya farasi mviringo inaongeza kubingirika. Basi.

Kilichobaki ni mshipi, ule unaopita chini ya kifua kulishika tandiko, na watu huufikia wakiwa wamechoka. Farasi mfupi mwenye tumbo kubwa huwa na mahali pembamba pa mshipi mbele kabisa, karibu na kiwiko. Mikanda ya tandiko inayofungwa kwenye mshipi ikining'inia nyuma ya hapo, kila hatua mshipi unateleza kwenda mbele kutafuta mahali pembamba, na tandiko linaufuata hadi juu ya bega. Kukaza zaidi kunaharakisha safari hiyo. Chagua tandiko lenye mkanda wa mbele unaotoka kwenye mguu wa fremu, au mshipi uliopinda unaokaa mbele kifuani huku ncha zake zikirudi nyuma. Mkanda wa mkia, unaotoka nyuma ya tandiko kupita chini ya mkia, unasaidia kwenye miteremko, lakini kwa tandiko lisilomkaa utamchubua tu mkia.

Kabla ya kununua, amua kama upana wake ni wa mifupa au wa mafuta. Kama ni mafuta na unampunguza, chukua tandiko linalomkaa leo, lenye mito ya sufu ambayo fundi anaweza kuongeza au kupunguza; ya sponji hubaki ilivyotoka kiwandani. Chora tena mgongo kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi mshipi ukianza kufika matundu ambayo haukuwa ukifika, na weka michoro ya zamani yenye tarehe.