Nadharia ya mapigo mawili katika jenetiki ya saratani

Seli za mwili hubeba nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Baadhi ya jeni hizo kazi yake ni kuizuia seli isijigawanye ovyo, nazo huitwa jeni kandamizi za uvimbe. Nadharia ya mapigo mawili inasema kwamba kizuizi hicho hakiondoki mpaka nakala zote mbili ziharibike ndani ya seli ileile, kila uharibifu ukihesabiwa kuwa pigo moja. Ni kama mlango wenye makomeo mawili: ukilegeza moja, mlango bado umefungwa. Onkojeni, yaani jeni zinazoisukuma seli ijigawanye, ni kinyume chake. Hizo hudhuru kwa kuzidisha kazi, kwa hiyo nakala moja iliyoharibika inatosha kuleta madhara.

Aliyeiweka hoja hii katika hesabu ni Alfred Knudson, daktari wa watoto na mwanajenetiki aliyekuwa akifanya kazi Houston, Texas. Mwaka 1971 alichapisha uchambuzi wa watoto 48 wenye retinoblastoma, saratani inayowapata watoto wadogo katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jeni inayohusika ilikuwa haijajulikana, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusoma DNA yake. Alichokuwa nacho ni majalada ya wagonjwa: umri wa mtoto ugonjwa ulipogunduliwa, jicho moja au yote mawili, idadi ya vivimbe, na kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua.

Alijiuliza: katika kila umri, ni sehemu gani ya watoto hawa ilikuwa bado haijagundulika kuwa na ugonjwa? Alipochora sehemu hiyo kwa kipimo cha logi dhidi ya umri, watoto wenye uvimbe katika macho yote mawili walifuata mstari ulionyooka. Mstari wa namna hiyo hutokea pale tukio moja tu linapongojewa, na uwezekano wake ni uleule kila mwezi. Watoto wenye uvimbe katika jicho moja bila historia ya ukoo walifuata mstari uliopinda: mwanzoni wachache, kisha kasi ikaongezeka, kama inavyotarajiwa pale matukio mawili yanapopaswa kutokea moja baada ya jingine. Kundi la kwanza lilizaliwa tayari na pigo moja katika kila seli. Kundi la pili lilianza bila pigo lolote. Kupata jibu hilo kutoka kwenye umri na idadi ya vivimbe, bila kugusa molekuli hata moja, ni kazi ambayo kila anayeanza utafiti wa saratani anafaa kuisoma mwenyewe.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme uwezekano wa nakala moja kuharibika ni 1 kati ya 1,000,000 kwa seli, na retina inayokua ina seli 3,000,000. Mtoto aliyezaliwa na pigo la kwanza atapata kwa wastani seli 3 zenye pigo la pili, yaani vivimbe 3. Huo ndio wastani ambao Knudson mwenyewe aliukadiria kwa waliorithi. Wastani ukiwa 3, kanuni ya Poisson, inayokadiria idadi ya matukio adimu, inaonyesha kwamba takriban watoto 5 kati ya 100 hawatapata uvimbe wowote ingawa wamebeba nakala mbovu. Ndiyo sababu ugonjwa huu unaweza kuonekana umeruka kizazi.

Kwa asiyerithi, mapigo yote mawili lazima yaiangukie seli moja, na tukizidisha uwezekano wa 1 kati ya 1,000,000 kwa uleule tunapata 1 kati ya trilioni. Hali halisi si finyu kiasi hicho, kwa sababu seli iliyopata pigo la kwanza mapema huendelea kujigawanya, na vizazi vyake vyote hubeba kasoro ileile vikingoja pigo la pili.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Katika ukoo, ugonjwa hurithiwa kwa namna tawala: mzazi mwenye nakala mbovu humpa kila mtoto uwezekano wa asilimia 50. Ndani ya seli, kasoro hiyohiyo ni fichi, kwa maana nakala nzima iliyobaki hufanya kazi yote. Kauli hizi hazipingani. Seli za retina ni nyingi mno kiasi kwamba karibu kila aliyerithi pigo la kwanza atapata la pili mahali fulani.

Uthibitisho wa kimolekuli ulifuata. Mwaka 1983 ilionyeshwa kwamba vivimbe vingi vya retina vimepoteza nakala nzima ya eneo husika kwenye kromosomu 13. Mwaka 1986 jeni yenyewe, RB1, ilitengwa. Ina eksoni 27, yaani sehemu zenye maelekezo ya protini, na hutengeneza protini ya asidi amino 928, ambayo huishika protini iitwayo E2F na kuizuia isiwashe jeni za kunakili DNA. RB1 ikikosekana, E2F hubaki huru na seli huingia katika mgawanyiko bila kuamriwa. Virusi vya papiloma hufika hapohapo kwa njia nyingine: protini yao ya E7 huishika na kuiharibu protini ya RB, jeni ikiwa nzima.

Pigo la pili mara nyingi si kosa jipya la herufi moja. Katika zaidi ya nusu ya vivimbe, seli hupoteza kipande au kromosomu yote iliyokuwa nzima, au hubadilishana vipande wakati wa kujigawanya na kubaki na nakala mbovu mbili. Njia nyingine ni jeni kuzimwa kwa metilesheni, yaani alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA, bila herufi yoyote kubadilika.

Nadharia ina mipaka. Mapigo mawili ya RB1 huweza kuishia katika uvimbe usio hatari wa retina, na mabadiliko zaidi huhitajika kabla ya kuwa saratani kamili. Katika TP53, jeni nyingine kandamizi, hata pigo moja huweza kudhuru: protini yake hufanya kazi ikiwa imeungana vipande vinne, na ikiwa nusu ya vipande ni vibovu, muungano mzima uliokamilika hutokea mara 1 tu kati ya 16.

Maabara huitumia nadharia hii kwa kulinganisha DNA ya uvimbe na ya damu. Kwanza hutafutwa mapigo mawili ndani ya uvimbe: husomwa eksoni zote 27 na kingo zake, kisha hupimwa idadi ya nakala, kwa maana usomaji wa kawaida hauoni kipande kikubwa kilichokatika, halafu metilesheni. Baada ya hapo damu huulizwa swali moja: je, lolote kati ya mapigo hayo mawili limo? Kipimo hiki ni cha lazima hata kwa mwenye uvimbe katika jicho moja, kwani takriban asilimia 15 yao wamebeba kasoro katika mwili mzima.

Makosa hutokea. Sampuli ya uvimbe ikichanganyika nusu kwa nusu na seli za kawaida, nakala iliyopotea haitatoweka kwenye matokeo. Itaonekana kwa robo hadi theluthi, na msomaji asiye makini atasema haijapotea. Uvimbe wenyewe hautobolewi kwa sindano ndani ya jicho, kwa hofu ya kusambaza seli zake. Jicho lisipoondolewa, hutumika majimaji ya sehemu yake ya mbele, ambayo hubeba vipande vya DNA ya uvimbe. Kosa baya kuliko yote ni kuwaambia wazazi kwamba wao ni salama kwa sababu damu yao haina kasoro. Pigo la kwanza linaweza kuwa limetokea katika baadhi tu ya seli za uzazi za mmoja wao, mahali ambapo kipimo cha damu hakifiki. Kwa hiyo mtoto anayefuata hupimwa hata kama damu ya wazazi wote wawili ni safi.