Kitambaa cha pool: kizito sio lazima kiwe kigumu, jamani

"Fundi nitolee kile kizito, kile chenye manyoya, ndio kinadumu." Hii nimeisikia mpaka naiota. Mteja anashika sampuli mbili anazifikicha na kidole gumba, ile nene laini kama blanketi haiachii, ile nyembamba kavu anairudisha, "hii si kama ya suruali?" Ndio bwana, ni kama ya suruali, suti nzuri ya sufu nayo uzi wake unasokotwa hivyohivyo!

Kinachotofautisha ni uzi. Kwenye wustedi, ndio ile nyembamba kavu, nyuzi za sufu zinachanwa kwanza, fupi zinaondolewa, zinabaki ndefu zimelala upande mmoja, ndio zinasokotwa mpaka zikakaze. Kile cha manyoya uzi wake hauchanwi hivyo, fupi na ndefu zote zinaingia humohumo, halafu kitambaa kinakwaruzwa juu vinyweleo visimame. Sasa huo unene unaoupapasa dukani mwingi wake ni vinyweleo, na vinyweleo havikai, mipira inavisugua vinajiviringa vidongevidonge, ingiza mkono kwenye shimo la kona uone unatoka na vumbi la kijani kama lile la mfuko wa koti la zamani. Juzi nimebandua kimoja kizito kwelikweli, pale inapopangwa pembetatu pamekuwa upara, nikakiinua kwenye taa mwanga unapita. Aunsi wanazokutajia dukani ni kipimo cha uzito tu, hazikwambii ndani kuna uzi gani. Uliza uzi, acha kukinyanyua kama unapima nyama.

Manyoya yana kazi yake lakini. Snuka inayataka, ndio maana kile kitambaa kinapigwa brashi na pasi kuelekea upande mmoja, na mpira ukienda taratibu unavutwa kufuata manyoya, wachezaji wanaijua hiyo na wanaipigia hesabu. Ila kama unacheza mpira tisa, ile pool ya mipira tisa, na unataka mpira utembee unyoofu na wenyewe, wustedi, sina mjadala hapo.

Wateja wana mengine. "Kina nailoni, kimechakachuliwa." Simonis 860, wustedi ya wale Wabelgiji walioanza kufuma 1680, ina sufu 90% na nailoni 10%, 760 yao ni 70 kwa 30 na ndio yenye mbio zaidi kati ya hizo mbili. Nailoni ya kiasi inaongeza uimara.

"Vidoti vyeupe wiki ya kwanza, umeniuzia feki." Hapana, ule ni moto wa msuguano, mpira mweupe unaruka kidogo kwenye kuvunja, ule mpigo wa kwanza wa kutawanya mipira, unatua kwa kishindo. Weka kipande cha kitambaa chini yake ukivunja, na punguza mbwembwe.

Rangi? Haiongezi spidi. Chagua unayoweza kuiangalia saa tatu bila macho kuchoka, basi, ila chaki iwe rangi hiyohiyo tafadhali.

"Hiki hakiingii maji." Kinayakataa kwa muda, unafuta harakaharaka, na dawa ya kuzuia maji iliyotiwa nayo inaisha. Glasi ikae mbali na meza.

Halafu kuna yule aliyekitoa mwenyewe akakifua ili "kirudi kipya". Sufu ikifuliwa inarudi ndani. Alinipigia nije nikivute kifike, nikakivuta, kikaishia vidole vinne kabla ya ukingo, na bado ananiuliza kwani hakuna namna.