Rifaksimini ni dawa ghali: nani hasa anaihitaji?

Mgonjwa wa ini anatoka kliniki na cheti mkononi, anafika famasia, anatajiwa bei, anarudi nyumbani bila dawa. Mwingine ananunua vidonge vya siku tano kati ya thelathini alizoandikiwa. Dirisha lilelile anakuja mtu ambaye tumbo linamjaa gesi. Hajaandikiwa na daktari yeyote, lakini ameambiwa dawa hiyo "inasafisha utumbo", na anaondoka na boksi zima. Sisi tunaotibu magonjwa ya ini na mfumo wa chakula tunaona pesa nyingi za familia zikipotelea hapo, na wagonjwa wanaoihitaji kwelikweli wakibaki bila.

Dawa yenyewe ni rifaksimini. Kwenye boksi imeandikwa Rifaximin. Ni antibayotiki ya ukoo mmoja na rifampisini inayotibu kifua kikuu. Italia iliiruhusu mwaka 1987. Marekani, inakouzwa kwa jina la Xifaxan, iliiruhusu mwaka 2004 kwa kuhara kwa wasafiri, 2010 kwa wagonjwa wa ini, na 2015 kwa aina moja ya matatizo ya utumbo. Huko vidonge vya mwezi mmoja huzidi dola 2,000.

Upekee wake ni kwamba karibu yote hubaki ndani ya utumbo; kinachoingia kwenye damu hakifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana wengi huivumilia vizuri. Kwa sababu hiyohiyo haiwezi kutibu kifua kikuu, nimonia wala maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwa haifiki huko.

Inapookoa zaidi ni kwenye ini. Bakteria wa utumboni hutengeneza amonia, na ini lenye afya huiondoa kabla damu haijaendelea na safari. Ini lililojaa makovu hushindwa kazi hiyo, na sehemu ya damu hulipita pembeni bila kusafishwa. Kwetu Afrika Mashariki makovu hayo hutokana sana na homa ya ini ya aina B na pombe. Amonia na sumu nyingine zikifika kwenye ubongo, akili ya mgonjwa huvurugika.

Wa kwanza kuliona hili si daktari. Ni mke, mume au mtoto. Mzee aliyekuwa mpole anakuwa mkali. Analala mchana na kukesha usiku. Anauliza jambo lilelile mara tatu, anapotea njia ya kwenda msikitini au sokoni alikozoea, mwandiko wake unaharibika. Akinyoosha mikono mbele na kukunja viganja kwenda juu, viganja vinaangukaanguka. Familia nyingi husema amelogwa, au ana mapepo, au uzee umemfikia, na wiki zinapita. Kumwombea hakuna ubaya, ila safari ya hospitali isisubiri maombi yaishe, kwa maana hali hii ina matibabu na mgonjwa anaweza kurudiwa na fahamu zake ndani ya siku chache.

Matibabu huanza na laktulosi, dawa ya maji yenye utamu. Hutolewa kwa kipimo kitakachomfanya mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Wengi huiacha kwa sababu inaleta gesi na inawafanya wakimbilie chooni, wasijue kwamba choo hicho ndicho kinachotoa sumu mwilini. Rifaksimini, miligramu 550 asubuhi na jioni, huongezwa pale hali inapojirudia mgonjwa akiwa tayari anatumia laktulosi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa 299 kwa miezi sita. Waliopewa rifaksimini, asilimia 22 walirudiwa na hali hiyo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 46. Zaidi ya tisa katika kila kumi wa pande zote mbili walikuwa kwenye laktulosi. Kwa hiyo anayeacha laktulosi ili pesa itoshe kununua rifaksimini ameacha msingi wa tiba yake.

Kuna mengine yanayoamsha tatizo hili ambayo hakuna kidonge kitakachoyazuia yasiposhughulikiwa: kufunga choo, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, maambukizi, kupungukiwa maji, na dawa za usingizi. Tena, tafadhali msimnyime mgonjwa maharage, mayai na samaki. Ushauri huo wa zamani umewadhoofisha wengi. Misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Bakuli la uji kabla ya kulala linamfaa.

Pesa zikiwa hazitoshi, mwambie daktari kabla vidonge havijaisha. Usikate dozi kimyakimya. Zipo rifaksimini za viwanda mbalimbali, zikiwemo za India, na bei hutofautiana, hivyo ulizia kwa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara. Vipo pia vidonge vya miligramu 200. Mfamasia akupangie, usipige hesabu mwenyewe. Uliza bima yako kama inailipia. Hakikisha imesajiliwa, kwa Tanzania na mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa hii ikiuzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, iache.

Kwa mwenye tumbo la kujaa gesi na kuharisha mara kwa mara, hali iitwayo IBS, faida ni ndogo kuliko inavyosemwa. Katika tafiti mbili zilizofanyika Marekani na Kanada, dozi ya siku 14 iliwapa nafuu watu 41 kati ya 100, na kidonge kisicho na dawa kiliwapa nafuu 32. Inaweza kufaa, lakini baada ya vipimo. Damu kwenye choo, kupungua uzito, upungufu wa damu au kuamshwa usiku na kuhara si IBS mpaka ithibitike. Kuhara kwenye homa au damu hakutibiwi kwa dawa hii. Na mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki.

Kuna sababu nyingine ya kutoichezea. Mwaka 2024 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba matumizi ya rifaksimini yanaweza kuzalisha bakteria wasiosikia daptomisini, mojawapo ya dawa za mwisho tulizobakiwa nazo. Aliyeandikiwa asiiache kwa hofu hiyo. Anayeinunua kwa kubahatisha ndiye asiye na sababu ya kuendelea. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au saiklosporini (dawa ya kushusha kinga ya mwili), na mjamzito, amweleze daktari kwanza.

Siku ya kliniki, njoo na dawa zote, za miti shamba zikiwemo, na ndugu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Ndiye anayejua amepata choo mara ngapi na amelalaje. Mgonjwa akifikia kutoamka anapoitwa, msimnyweshe chochote. Mlazeni kwa ubavu, mpelekeni hospitali usiku huohuo.