Sukari Ikikataa Kushuka, Mtu Aulize Pia Kuhusu Mawazo

Watu wengi wanaokuja kliniki ya sukari na presha hapa Kisumu wanazijua dawa zao vizuri sana, watakwambia ni metformin, ni asubuhi na jioni baada ya kula, chumvi wamepunguza, soda waliacha kitambo. Halafu unapima unapata sukari iko juu, 17, mwezi ujao 18. Daktari anaongeza dozi, mgonjwa anasema sawa daktari, anabeba dawa zake anapanda boda kurudi Nyalenda ama Ahero, na hapo kati hakuna mtu amemuuliza wewe mwenyewe uko aje, unalala, unakula, nyumbani kukoje.

Mimi kazi yangu ni afya ya akili na nakaa pamoja na manesi wa kliniki ya sukari, kwa hivyo naona hii kitu kila wiki. Nataka niseme wazi: kwa mtu mwenye sukari, presha, HIV ama ugonjwa wowote wa kukaa nao maisha yote, mawazo ni sehemu ya ugonjwa. Sio kitu cha pembeni eti tutaangalia tukipata nafasi. Usipoyatibu, hiyo sukari utaifukuza miaka na miaka.

Utafiti wa hii kitu sio wa jana. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliweka pamoja tafiti 42 wakaona mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa kupata dipresheni, yaani mawazo yaliyogeuka ugonjwa, karibu mara 2 ya mtu ambaye hana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha mgonjwa mwenye dipresheni ana uwezekano mara 3 wa kutofuata matibabu aliyopewa. Weka hizo mbili pamoja uone. Ugonjwa unaleta mawazo, mawazo yanafanya dawa isimezwe, dawa isipomezwa ugonjwa unapanda, na ukipanda mawazo yanazidi.

Na sio tabia peke yake, mwili wenyewe unahusika. Ukikaa na stresi muda mrefu mwili unatoa homoni za kortisoli na adrenalini kama vile uko hatarini, ini linamwaga sukari kwa damu ili upate nguvu za kupigana ama kukimbia, insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri, mishipa inakazana na presha inapanda. Usiku haulali, na usipolala hamu ya chakula inaongezeka, hasa vitu vitamu na wanga. Kwa hivyo kuna mtu anameza dawa sawasawa kabisa na bado sukari iko juu, halafu anaambiwa hafuati masharti. Hiyo inaumiza sana, na wengi wakishaambiwa hivyo mara mbili tatu hawarudi kliniki tena.

Kuna mama mmoja muuza omena, sitasema ni soko gani, aliletwa kwangu na nesi juu ya kile kitabu chake cha kuandika sukari. Kitabu kilikuwa kizuri sana, kila siku asubuhi na jioni imeandikwa, 6.8, 7.1, 6.9, miezi miwili mizima. Lakini ile testi ya HbA1c, ambayo inaonyesha sukari imekuwa aje kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, ilikuwa mbaya. Ukiangalia kitabu karibu unaona wino ni mmoja kuanzia juu hadi chini, mwandiko umelala upande mmoja, yaani yote imeandikwa siku moja, pengine kwa benchi pale nje akingoja kuitwa. Sikumuuliza kwa nini amedanganya. Nilimuuliza, mama, hiki kitabu kinakuchosha aje? Akanyamaza kidogo halafu akaanza kuongea, na hakuanza na sukari. Alianza na bei ya stripu za kupimia, akaja kwa watoto wanaomwangalia sahani kila akikula, halafu mzee wake aliyefariki na sukari hiyohiyo akiwa amekatwa mguu, na jinsi kila asubuhi akishika kile kimashini anaona ule mguu. Sasa niambie, huyo mtu ukimwongezea metformin umemsaidia na nini?

Hapo kuna jambo ambalo hata sisi wahudumu tunalichanganya. Sio kila mtu aliyechoka na sukari ana dipresheni. Kuna uchovu wa ugonjwa wenyewe: kuhesabu chakula, kudungwa, kuogopa macho na figo, kuambiwa hiki usile hiki usiguse, kuona pesa ya shule inaingia kwa dawa. Watafiti wa Marekani walitengeneza dodoso la maswali 20 kuhusu huo uchovu mwaka 1995, na tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba mtu anaweza kuwa nao mwingi sana na bado asiwe na dipresheni. Ukimwondolea mzigo wenyewe, yaani ukipunguza mara za kupima kama daktari amekubali, ukimpangia chakula kinacholingana na kile kinapikwa kwake, ukiongea na hao watoto, anapata nafuu bila dawa yoyote ya akili. Huyu mama wa omena alikuwa hapo. Bado alikuwa anacheka na wateja wake, anaenda kanisa, anapenda wajukuu. Sukari tu ndio ilikuwa imemshinda.

Dipresheni ni tofauti, inaingia kila mahali. Vitu ulikuwa unapenda havina ladha, asubuhi kuamka ni vita, unajiona huna maana, unakaa na watu na hauko hapo. Na kwa watu wetu mara nyingi haiji ikisema nina huzuni, inakuja kama kichwa kuuma kusikoisha, mgongo, moyo kwenda mbio, mwili kuchomachoma, kukosa nguvu. Wanaume hasa, mwanaume atakwambia mwili hauna nguvu, na nyumbani wanasema siku hizi baba ana hasira sana ama amezidisha pombe. Mtu anaweza kuzungushwa maabara mwaka mzima akipimwa malaria na typhoid.

Kuijua sio ngumu vile watu wanafikiria. Kuna maswali mawili tu ya kuanza nayo. Kwa wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ama raha ya kufanya vitu? Na ni mara ngapi umejisikia chini, mwenye huzuni ama bila matumaini? Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikifika 3, unaendelea na yale maswali 9 kamili yanayoitwa PHQ-9, ambayo yanahesabiwa hadi 27, na kuanzia 10 mtu anafaa kuonwa vizuri. Maswali haya yote mawili na yale 9 yalijaribiwa hapa kwetu magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na HIV, matokeo yakachapishwa 2009, na yalifanya kazi. Kwa hivyo mtu akikwambia ni vitu vya wazungu, mwambie vilipimwa na watu wetu. Lakini yasifanywe kama fomu ya kujaza haraka huku foleni inasukuma. Ukimuuliza mtu kama amekosa matumaini na macho yako iko kwa simu, atakujibu niko sawa.

Kabla hujasema ni mawazo, angalia pia mwili, hii naisisitiza. Sukari ikishuka sana mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unadunda, anaogopa bila sababu, na inafanana kabisa na shambulio la wasiwasi. Pima kwanza. Mtu aliyetumia metformin miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, anachoka, miguu inakufa ganzi, kichwa kinasahau. Upungufu wa damu na tezi ya shingo pia zinaweza kufanya mtu aonekane ana dipresheni. Kazi ya kliniki nzuri ni kuangalia yote mawili siku hiyohiyo, mtu asitumwe jengo lingine arudi mwezi ujao, maana nauli ya kurudi wengi hawana.

Sasa matibabu, na hapa ndio nina furaha ya kuandika, juu watu wengi wanadhani msaada wa akili ni kupelekwa hospitali ya akili ya Mathari ama kungoja daktari wa akili ambaye pengine hayuko kaunti nzima. Hapa hapa Kisumu kulifanywa utafiti na wanawake 256 wanaoishi na HIV, waliopitia ukatili, wenye dipresheni na majeraha ya akili. Walipewa mazungumzo ya tiba mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na waliokuwa wanawatibu hawakuwa madaktari wa akili, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa 2021: baada ya miezi 3 waliopata mazungumzo hayo walikuwa na dipresheni kidogo sana kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao. Sio Boston, ni Kisumu.

Upande wa sukari yenyewe, Marekani mwaka 2010 wagonjwa 214 wenye dipresheni pamoja na kisukari ama ugonjwa wa moyo waligawanywa, nusu wakapewa nesi wa kufuatilia vyote kwa pamoja, na baada ya miezi 12 kwa hao dipresheni, sukari, presha na kolesteroli zilishuka kuliko kwa wenzao. Mtu anaweza kusema hao wana pesa. Sawa, angalia India. Wagonjwa 404 wa kliniki 4 za kisukari walifuatiliwa miezi 24, matokeo yakatoka 2020. Kwa wale walioangaliwa akili na sukari pamoja, karibu 72 kwa kila 100 walipata nafuu ya dipresheni pamoja na angalau kimoja kati ya sukari, presha ama kolesteroli. Kwa matibabu ya kawaida ilikuwa kama 57. Hiyo tofauti ni watu, na ni macho na miguu ya watu.

Kuna pia utafiti mkubwa wa huku kwetu magharibi uliochapishwa 2021, wagonjwa 2,890 wa presha na sukari, wengine waliwekwa kwa makundi wakikutana na mhudumu pamoja, wengine wakaweka akiba kama chama, wengine wakafanya vyote. Kwa wastani presha ilishuka pande zote, hata kwa waliobaki na kliniki ya kawaida, kwa vikundi ilishuka zaidi kidogo, lakini tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kusema kwa uhakika ni kikundi kimefanya. Huo ulikuwa utafiti wa presha, sio wa akili, na siwezi kuutumia kudai kisichokuwemo. Lakini mimi bado naamini sana vikundi, juu ugonjwa wa muda mrefu unatenga mtu, na mtu akisikia mwenzake akisema hata mimi niliandika namba za uongo kwa kitabu, unaona mabega yake yanashuka.

Dawa za dipresheni nazo zipo na zinasaidia, kama fluoxetine. Mtu anauliza daktari, si hizi zitanifanya niwe kama zuzu, nizizoee maisha yote? Hapana, fluoxetine sio ya kulevya, lakini inachukua wiki kadhaa kabla uone tofauti, kwa hivyo usiiache siku ya tano ukisema haifanyi. Wala usiikate ghafla ukianza kujisikia vizuri. Mwambie anayekuandikia kila kitu unachomeza, hata miti shamba, juu zingine zinagongana na zingine zinagusa sukari, pengine utahitaji kupima mara nyingi zaidi wiki za kwanza. Na maombi endelea nayo, hakuna anayekukataza, ila usiambiwe uache dawa ndio imani ionekane.

Nyumbani pia kuna kazi. Watoto na dada wakiona mama ana sukari wanageuka askari wa sahani, mama usile hiyo, mama chapati ni ngapi, na wanafanya kwa mapenzi lakini yeye anasikia amekuwa mtoto kwa nyumba yake. Muulize anataka asaidiwe na nini. Wengine watasema twende tutembee pamoja jioni, wengine watasema nipikieni nyote mboga moja, msinipikie changu kando kama mgonjwa. Ukipata mhudumu wa afya wa kijiji anapita na mkoba wake wa mashine ya presha na sukari, akimaliza kupima mwambie pia kuhusu usingizi na mawazo, yeye anajua pa kukutuma.

Na kuna watu wamefika mbali zaidi, wanaona heri wasiwepo. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza hivyo moja kwa moja, na kumuuliza mtu hakumpandii wazo, kunampa nafasi ya kulitoa. Wengi walikuwa wanaogopa kusema juu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, mtu anatoka wodini anapelekwa kituo cha polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakiuka Katiba, kwa hivyo huo woga usikuzuie. Piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni bure, ama nenda hospitali yenye kitengo cha dharura, hata usiku. Usimwache huyo mtu peke yake, na dawa zake zisikae naye, insulini hasa. Mtu mwingine wa nyumbani azishike awe anampa dozi moja moja kwa wakati wake mpaka aonwe na daktari.