Silinda inayong'aa kama kioo itakula oili

Wenye boti wa Kibirizi na Ujiji wakileta injini ya dizeli karakana kwetu chuoni, kuna lalamiko tunalolisikia kila mara: "Mwalimu, nimelipia silinda ichongwe upya, mbona imejaa mikwaruzo?" Mikwaruzo hiyo ndiyo uliyoilipia.

Kila uso ndani ya injini una ulaini wake, nao hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Shingo za krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), pale zinapozungukia ndani ya beringi zinazoushikilia, zinatakiwa laini sana: wastani wa mikroni 0.2 hadi 0.4. Utando wa oili unaozitenga na beringi una unene wa mikroni chache tu, kwa hiyo kinundu kidogo kikiutoboa, chuma kinasaga chuma.

Silinda inataka kinyume chake. Baada ya kuchongwa, hupitishwa mawe ya kunolea yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, yakiacha mistari inayokatana, mara nyingi kwa nyuzi 45 hivi. Oili hujificha humo, na ringi mpya (pete zinazoizunguka pistoni) husugua vilele vya mistari hiyo mpaka zikae sawasawa. Fundi akiing'arisha kwa msasa laini ili kumfurahisha mteja, ringi hazikai. Utaona moshi wa bluu, oili inapungua kila safari, na boti haivuti.

Kwa krankshafti, pitisha ukucha juu ya shingo. Ukikwama, msasa hausaidii tena. Isagwe kwa mashine, halafu zinunuliwe beringi nene zaidi, za 0.25, 0.50 na kuendelea, kulingana na milimita zilizoondolewa. Wapo wanaozungushia utepe wa msasa na kuvuta kwa mkono. Shingo inang'aa kweli, ila imeshapoteza uduara, imekuwa kama yai, na jicho halioni. Dai ipimwe kwa maikromita mbele yako, pande mbili.

Kazi nzuri nyingi huharibikia kwenye kusafisha. Petroli na dizeli huondoa grisi lakini huacha unga wa jiwe kwenye mistari ya silinda, na unga huo unamaliza ringi upesi. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, kausha, kisha paka oili papo hapo kabla kutu haijashika. Futa kwa kitambaa cheupe (cheupe, si fulana ya gereji). Kikitoka na weusi au kijivu, rudia sabuni.

Neno moja kwa wavuvi wa dagaa, kuhusu plagi na swichi za taa za sola. Ncha zake nyingi zimepakwa utando mwembamba wa bati au fedha. Ukizikwangua kwa msasa, utando unaondoka na shaba inaanza kuota ukijani. Zima umeme, zifute kwa spiriti na kitambaa laini. Kama shaba imeshaonekana, nunua plagi nyingine.