Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa

Pasaka ikikaribia, mabasi ya Moshi na Arusha kwenda Tanga hujaa, na wanaopiga mbizi Pangani wakikuta matumbawe meupe pe hurudi na picha wakisema yamekufa. Huenda, lakini mara nyingi bado. Kati ya kupauka na kufa kuna wiki kadhaa.

Tumbawe ni mnyama. Kundi moja lina maelfu ya polipi, kila polipi ni kifuko chenye mdomo na mikono midogo, kimekaa kwenye kikombe cha chokaa alichojijengea. Ndani ya nyama yake huishi mwani wa seli moja, anayemlipa kodi ya sukari: hadi asilimia 90 ya chakula cha tumbawe hutoka huko. Rangi ya kahawia unayoiona ni ya mwani.

Maji yakipata joto kupita kiasi, mtambo wa mwani wa kunasa mwanga huharibika. Jua linaendelea kupiga, lakini nguvu yake haiishii kwenye sukari. Huzaa oksijeni kali inayounguza seli. Polipi humtema mpangaji. Nyama inabaki, ila ni angavu kama kioo, na chokaa nyeupe huonekana chini yake. Mwenye nyumba sasa yupo hai na ana njaa. Siku za mawingu humpunguzia mateso, kwa sababu jua kali ndilo linalokamilisha kazi ya joto.

Watu huuliza, "nyuzi ngapi?" Jibu ni nyuzi mara wiki. NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, hupima kwa setilaiti: huchukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo, kisha hujumlisha ziada ya kila wiki kwa wiki 12, ikihesabu tu ziada inayofika nyuzi 1. Tuseme wastani huo ni nyuzi 29. Wiki tano za nyuzi 29.7 zinaleta sifuri. Wiki nne za nyuzi 30.5 zinaleta 6. Kuanzia 4 tegemea kupauka. Kuanzia 8, vifo. Kwetu hatari iko Machi na Aprili, kaskazi inapolegea na kusi haijashika: upepo ukitulia, maji ya juu hayachanganyiki na ya baridi ya chini. Mwaka 1998, wa El Niño, Mafia ilipoteza matumbawe mengi mno.

Yenye matawi kama pembe za swala hutangulia kufa. Yale ya mviringo kama jiwe huvumilia zaidi, lakini hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo likifa moja la mita mbili, usitegemee mjukuu wako alione tena.

Baada ya joto, kinachoamua ni nani atawahi nafasi. Samaki pono hukwangua mwani unaofunika chokaa. Wakivuliwa wote, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Tope nalo huziba. Hapo nasi wa mlimani tumo: mito Kikuletwa na Ruvu hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa Mto Pangani, unaomwaga maji baharini. Bwawa hunasa tope jingi, nakubali, lakini halinasi la mashamba yaliyo chini yake.

Ukiwa majini, usiguse wala kusimama juu ya tumbawe. Sogea hadi nusu mita uangalie ukingo wa vikombe. Ukiona utando laini unaong'aa, au vimikono vimejitokeza, liko hai. Ukiona manyoya ya kijani au kahawia yameota juu ya chokaa, sehemu hiyo imekufa. Mara nyingi kundi moja lina yote mawili: kichwa kimekufa, ubavu wenye kivuli uko hai. Andika tarehe, kina na kama kuna mawingu, upige picha ukiweka kitu cha kulinganishia ukubwa. Maji yakipoa mapema, rangi huanza kurudi baada ya wiki kadhaa, na kwanza kabisa huonekana ubavuni.